Siku Niliyomzika Chilumba Ndani ya Kishikwambi

Jumamosi, Marambo. Kipupwe. Baridi ya leo imenikalia mgongoni kama mgeni asiyeaga. Kila upande harufu ya salfa, watu wanapulizia mikorosho yao. Mie sipulizii. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, simu mkononi, naandika kwa dole gumba moja, herufi moja moja kama kuku anavyodonoa mtama. Shule sikuingia. Herufi nilipewa ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na nilizopewa nilizichukua zote, sikumwachia mtu.

Mnaonisoma humu mmezoea nikiamka hivi nawapa hadithi ya simba. Leo simba hayupo.

Leo nina uchungu, na uchungu wenyewe nimeupika mie.

Nimemuua rafiki yangu. Yupo hai, anakunywa uji wake kule kwake, lakini nilimuua, na jina langu liko pale kwenye kompyuta ya ofisi ya umeme, majina yote matatu.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana bila hivyo mtadhani mzee kachanganyikiwa.

Umeme ulipoletwa huku, mie nilikuwa kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo. Ukiniuliza nilichimba mangapi, inategemea nani kakaa karibu. Mbele ya wageni, nguzo zote kutoka Nachingwea mjini mpaka Mandawa kule Ruangwa nimezichimbia mie peke yangu, kwa jembe moja, na shimo la mwisho simba alikaa juu ya kichuguu akingoja nimalize. Mbele ya wale tuliochimba nao, ni mashimo tisa, na la tisa nilisaidiwa.

Watu wa Marambo wanajua kunipunguza. Nikisema simba, wao wanaweka fisi. Nikisema fisi, wanaweka paka. Tunaelewana hivyo miaka yote na hakuna aliyeumia.

Lakini kuna jambo moja siongezi chumvi. Baada ya mashimo kwisha, mie ndo nilikuwa jicho la ile laini. Umeme ukikatika, fundi wa Nachingwea ananipigia simu mie. "Mzee Hamisi, hebu nitazamie." Nachukua panga, nafuata nyaya porini. Tawi limelalia waya, nguzo imeliwa na mchwa, bundi kaungua juu kule kawa mkaa. Nampigia: njoo nguzo ya tatu ukitoka kisimani. Anakuja na pikipiki yake moja kwa moja. Bila mie angezunguka siku mbili. Hiyo ni kweli tupu, muulizeni mke wangu, ambaye hajawahi kunitetea kwa lolote.

Halafu yakaja mambo ya mfumo.

Kila transfoma ikafungwa kisanduku, kisanduku kinasema chenyewe na ofisini. Nguzo zikapigwa namba, kila moja ikawekwa kwenye ramani. Masika yaliyopita mti uliangukia laini ya kwenda Mandawa. Nikaweka panga begani, nikatembea kwa mwendo wangu ule wa mtu anayesubiriwa. Nafika, namkuta fundi keshapanda nguzoni, anamalizia.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

Akashuka, akanionyesha simu yake. Kuna kidoti chekundu, chini yake namba ya nguzo. "Mfumo umeniambia, mzee. Siku hizi hatuwasumbui."

Hatuwasumbui. Aliniambia kwa heshima, mwana wa watu.

Nikarudi. Njiani nikakata kuni, ili panga lisirudi nyumbani na aibu.

Niseme ukweli ingawa unanikwaruza: umeme sasa ukikatika unarudi upesi. Zamani tulikaa gizani siku tatu, nne, mie nikiwa mtu mkubwa kijijini. Sasa wanakaa saa mbili, na mie si mtu mkubwa. Ukinipa nichague, kwa mdomo nitasema saa mbili ndo bora. Moyoni msiniulize.

Basi, wakati wa kuvuna ufuta, akaja binti mmoja anaitwa Rehema, kavaa kizibao cha kung'aa, kashika kishikwambi. Anapita nyumba kwa nyumba kuandika kila mita na mwenye mita, maana mita za zamani zote zingeondolewa, ziwekwe mpya zinazoongea na kompyuta zenyewe. Mtendaji wa kijiji akamleta kwangu. "Huyu mzee anajua kila nyumba yenye umeme."

Mngeniona! Nilivaa koti la Idi. Tangu kile kidoti chekundu, hakuna aliyeniuliza kitu chochote kuhusu umeme. Sasa naulizwa, na ninachosema kinaandikwa. Tukazunguka kuanzia asubuhi. Hii ya Mama Zubeda, ile ya mwalimu, ile ya msikiti. Kila ninachosema, binti anabonyeza. Sikumdanganya hata neno moja nyumba zote za upande wa kusini. Nilijishangaa mwenyewe.

Tukafika kwa Chilumba.

Chilumba ni Myao, mie Mmwera, basi ni watani. Zaidi ya miaka thelathini tunatukanana kila asubuhi, na siku asiponitukana najua anaumwa. Mie kwake ni mla panya. Yeye kwangu ni kibogoyo mwenye meno ya kuazima. Akimkuta kuku wangu njiani anamchukua, anamla, kesho ananiletea mifupa kwenye sahani na kuniambia karibu. Mie nilichukua baiskeli yake nikakaa nayo wiki nzima, nikamrudishia bila kengele. Utani hauna kesi. Hakuna balozi wa nyumba kumi wala hakimu anayeusikiliza. Mtani akikuudhi, unatafuta la kumuudhi zaidi, basi.

Siku ile nyumba yake ilikuwa na kufuli. Yeye na mkewe, Bi Somoe, walikwenda Mandawa kwa binti yao kumsaidia kuvuna ufuta.

"Babu, hapa anakaa nani?" Rehema akauliza.

Nyumba ya jirani kina mama walikuwa wanatwanga, wanatutazama. Watazamaji ndo ugonjwa wangu mie. Nikavua kofia, nikaiweka kifuani.

"Hapa, mwanangu, alikaa mtu anaitwa Chilumba. Amefariki."

"Jamani! Pole sana, babu."

"Tumeshapoa. Kafa kwa uchoyo. Alificha nyama mdomoni asitugawie, ikamkaba."

Kina mama wakaacha kutwanga, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Rehema hakucheka. Alitoka mbali, mikoa ya ziwani huko, sijui kwao watani wanafanyaje. Sisi huku mtani kumtangaza mtani wake amekufa ni salamu. Yeye alikuwa anatazama kioo chake tu.

"Kuna mrithi?"

"Hana. Aliyebaki ni mie."

"Nyumba inatumika?"

"Wanakaa popo."

Akabonyeza. Kile kishikwambi kilikuwa na vijisanduku, nilichungulia: yupo, hayupo, amefariki. Cha utani hakikuwekwa.

"Aliyetoa taarifa nimwandike nani?"

Hapo, bwana wee, nikajikung'uta koti. "Andika vizuri, mwanangu. Hamisi Selemani Nangumbi. Usiruke hata moja. Na namba ya simu hii hapa."

Sasa naomba mnisikilize, maana hili ndo nililokuja kuliandika leo. Niliona kwamba ameamini. Niliona kabisa. Macho yake yalikuwa na huruma, na alinishika mkono. Nilikuwa na hatua kama ishirini mpaka nyumba inayofuata za kumwambia, wee mtoto, nakutania, mtu yuko Mandawa anavuna ufuta. Sikumwambia. Ilikuwa tamu. Nimekuwa nikisimulia tangu ujana wangu, na kila anayenisikiliza ananipunguza. Huyu alinichukua nilivyo, hakupunguza kitu.

Nikanyamaza.

Chilumba aliporudi nilimpigia kelele kutoka barabarani, "We kibogoyo, nimekuzika!" Akanijibu kwamba na mie atanitafutia shimo, ila panya watakosa wa kuwala. Tukacheka. Sikumwambia kwamba imeandikwa. Mie nilidhani kuandika kwenye kioo ni kama kuandika kwenye vumbi, mtu akipita inafutika.

Sasa Chilumba ana mashine ya kutotolea vifaranga. Inatumia umeme. Ndo kazi yake ya uzeeni, miguu yake haimpeleki tena shambani. Kina mama wa Marambo nzima wanamletea mayai, kila yai limeandikwa kwa penseli, la Mama Zubeda, la Halima, la bibi fulani, na yeye anayageuza na kuyapapasa kama anapapasa wajukuu. Siku ya ishirini na moja mama anaondoka na vifaranga vyake kwenye boksi. Kwa wengine ndo ada ya mtoto hiyo, ndo kitoweo, ndo kila kitu.

Mafundi wa mita mpya walikuja mwezi mmoja baadaye. Nilikuwepo. Wakafunga kwa jirani, wakamruka Chilumba, wakaenda nyumba ya mbele. Chilumba akawafuata na kikombe cha chai mkononi.

"Na mie?"

"Nyumba yako haipo kwenye orodha yetu, mzee. Labda awamu ijayo."

Nikakumbuka kile kioo cha Rehema. Nikajua. Chilumba mwenyewe akaanza kujisifu kwamba mita yake ya zamani ni ngumu, ndo maana wameiogopa. Watu wakacheka, na mie nikacheka nao.

Hiyo ilikuwa mara ya pili kunyamaza nikiwa najua.

Jumanne wiki hii, saa tatu asubuhi, mita za zamani zikazimwa. Hakuna aliyepanda nguzo. Hakuna gari lililokuja. Mtu fulani mahali fulani kabonyeza, basi. Redio zote za Marambo zinaimba, kwa Chilumba kimya. Mashine ikazimika na mayai yana siku kumi na nane.

Akanunua luku, mita ikaikataa tokeni. Akajaribu tena, ikakataa. Akapanda bodaboda kwenda Nachingwea na lile koti lake jembamba, baridi kama hii ya leo. Bi Somoe akabaki na mayai. Nikaenda kumsaidia, maana dhamira ilikuwa inanitafuna toka ndani. Tukawasha jiko la mkaa, tukafunika mashine kwa mablanketi, tukajaza maji ya moto kwenye madumu tukayapanga pembeni. Nikaleta kuku wangu wawili wanaoatamia. Kuku wawili kwa mayai mia na ishirini ni sawa na kufunika shamba kwa kanga moja.

"Shemeji, unahangaika kama mayai ni yako," Bi Somoe akaniambia.

Nikainama kupuliza mkaa.

Chilumba akarudi alasiri. Hakwenda kwake kwanza. Alinikuta uani kwangu nachota mkaa mwingine, akasimama. Akanisimulia polepole, kama anasoma barua. Kule dirishani walimwambia mwenye mita ile ni marehemu, warithi walete cheti cha kifo na karatasi za mirathi. Akawaambia marehemu ndo mie hapa. Foleni nzima ikacheka. Kijana wa dirishani naye hakuwa mbaya, akamgeuzia kioo aone mwenyewe: amefariki, nyumba haina watu, taarifa imetolewa na fulani bin fulani wa Marambo.

"Ulisema nimekufa, Hamisi?"

"Utani, mtani wangu. Utani tu! Yule binti..."

"Najua," akasema.

Akaondoka. Nilingoja ageuke anitupie tusi. Nilikuwa tayari hata anipige na ile fimbo yake.

Jumatano tulikwenda Nachingwea wote watatu, yeye, mie na mtendaji mwenye mhuri. Nikasimama dirishani mbele ya watu, nikasema mtu huyu hakufa, mie ndo nilisema. Yule kijana akanipa karatasi nieleze kwa nini. Nikaandika kwa mkono wangu, kwa herufi zangu za kisomo: nilikuwa namtania. Akaisoma, akanirudishia kwa upole.

"Mzee, hii haitapita huko juu. Andika kwamba taarifa uliyotoa haikuwa ya kweli."

"Yaani niandike nilisema uongo?"

"Ndiyo, babu."

Nimeitwa mwongo tangu sijaota ndevu. Kwenye harusi, kwenye pombe enzi hizo nakunywa, mpaka msikitini. Lilikuwa jina la kunibembeleza, na mie niliitika. Jumatano ndo mara ya kwanza nimelitia saini.

Nikatia. Kisha tukaambiwa mkubwa wa kuidhinisha yuko Ruangwa kikazi, bila yeye kubonyeza haiwezekani. Kumuua mtu kwenye mfumo ni kidole kimoja cha binti aliyesimama juani. Kumfufua ni barua, mhuri, barua nyingine, na mkubwa arudi. Zamani ningempigia fundi tu, angekuja na kamba yake akaunga, tungemalizia maneno baadaye. Lakini hata hapo, nikilalamika najisikia mjinga. Mfumo haukusema uongo. Mfumo uliniamini.

Umeme wa Chilumba ulirudi jana, Ijumaa, kabla ya swala. Mita mpya, ina taa ya kijani, nzuri kweli. Mashine ikaanza kunguruma. Bi Somoe akachukua yai moja, akalitikisa sikioni, akaliweka. Akachukua lingine. Halafu akakaa chini akaanza kuyapasua moja moja kwenye beseni.

Vifaranga vilikuwa vimekamilika. Vina manyoya, vina vikucha. Kimoja kilikuwa kimeanza kutoboa, mdomo uko pale pale kwenye ufa, umeganda.

Kina mama wakaja kuuliza mayai yao. Chilumba ndo aliyewajibu, mmoja mmoja. Mama Zubeda akamuuliza nani kasababisha. Mie nimesimama pale, mlangoni.

"Umeme ulikatika," akasema. "Basi."

Hakunitaja. Angenitaja ningepumua.

Nikawaambia mwenyewe. Nilisema mbele yao, ni mie, nilimwambia yule binti amekufa. Na mnajua walifanya nini? Wakacheka. Wale wale waliocheka wakitwanga. Wakanipunguza kama kawaida yao, wakaona naongeza chumvi nijitie ukubwa, eti mpaka ofisi ya Nachingwea inafuata maneno yangu. Halima akaniambia, "Babu Hamisi, hili nalo umelitaka liwe lako?"

Leo asubuhi nimekwenda kwa Chilumba. Nimebeba kuku wangu watatu wakubwa, nimewafunga miguu. Nikasimama njiani nikapiga kelele kama siku zote: "We maiti! Umefufuka na meno au bila meno?"

Akatoka. Kashika kiti. Kile kiti kizuri cha wageni, chenye mto.

"Karibu, Mzee Hamisi. Karibu ukae."

Mzee Hamisi!

Nikakaa. Akaniuliza habari za nyumbani, habari za mikorosho, mama hajambo, wajukuu hawajambo. Kila jambo akaitikia alhamdulillahi. Bi Somoe akaleta chai, kaweka na sukari pembeni na kijiko chake. Nikamwambia Chilumba kuku hawa ni wako, wachukue. Mtu ambaye miaka thelathini anakamata kuku wangu barabarani bila kuuliza.

"Usijisumbue, mzee mwenzangu. Una familia."

"Chilumba, nitukane."

Akatabasamu kwa midomo tu. "Sasa nikutukane kwa lipi? Ilikuwa utani."

Ndo hapo mnaona ubaya wake. Angekuwa mtu baki, angenishtaki, ningelipa, tungepatanishwa, tungekula wali. Kwa mtani hakuna kosa, na pasipo kosa sina pa kuombea msamaha. Nilipoaga akanisindikiza mpaka barabarani, mkono mgongoni, kama unavyomsindikiza mkaguzi kutoka wilayani.

Nimerudi na kuku wangu. Mke wangu ameniona, amewafungua kamba.

Mayai nitayarudisha. Hilo nimeshaanza, nimewaambia kina mama kwamba kuku wangu wakitaga nitapeleka kwa Chilumba yai kwa yai mpaka mashine ijae. Wamecheka, watayaamini wakiyaona. Lakini kina mama siwaogopi.

Namuogopa yule aliyenipa kiti.

Kesho Jumapili nitapita mbele ya nyumba yake mapema, anapokunywa uji. Nitamtukana kwa sauti, tusi jipya, nimekaa hapa toka mchana nalitafuta. Akisema karibu mzee, nitaondoka. Jumatatu nitapita tena. Jumanne vilevile. Sina kazi nyingine, laini inajiangalia yenyewe. Siku atakayoniita mla panya, hata kwa sauti ndogo, hata kwa hasira, nitakaa chini pale pale barabarani na kulia kama mtoto, na hilo sitaki mtu yeyote alipunguze.